Ufito Ulioangalia Jikoni

Jua lilikuwa limeshazama kwenye vumbi la barabara ya Segese, Mihayo alipokuwa akirudi nyumbani na kopo la mafuta ya ng'ombe. Alikuwa amekwenda buchani tu, mwendo ambao mtu mwenye nguvu zake angeumaliza huku anapiga mluzi. Yeye aliukokota. Pikipiki zilimpita na viroba vya mawe na vijana waliopauka vumbi, wakampigia honi apishe njia, na hakuwa na nguvu hata ya kuwatukana.

Tuseme ukweli, Mihayo alikuwa hoi, kama ng'ombe wa plau mwishoni mwa msimu.

Na wala haikuwa kazi iliyomchosha. Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Alikuwa fundi wa mishale, ufundi aliourithi kwa baba yake, na wateja wake walikuwa sungusungu wa vijiji vya jirani, wale walinzi wanaozunguka na pinde zao kuwasaka wezi wa ng'ombe. Wengi wanaweza kufunga manyoya na kuchomeka chembe, yaani chuma cha nchani. Kunyoosha ufito, yaani ule mti mwembamba wa mshale, ndiko kulikowashinda. Mti wa mkole ukitoka porini una ukaidi wake. Unaupaka mafuta, unaupitisha juu ya makaa mpaka ulainike, unaubana kwa meno na kuuvuta kwa mikono pale penye kona, kisha unafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake. Haujakaa sawa? Paka tena, pasha tena. Samaki mkunje angali mbichi, na ufito unyooshe ungali moto.

Kulikuwa na sharti moja. Ukiutazama ufito, uelekeze kwenye kichuguu. Kila fundi wa ukoo wao alikuwa na kichuguu chake mbele ya kigoda chake, na hakuelekeza ufito wa moto kwingine. Baba yake alimwambia kwamba ufito ukiwa moto ni kama mtoto mchanga, unajifunza njia, na kile kilicho mbele yake wakati unanyooka ndicho utakachokitafuta maisha yake yote. Kichuguu hakifi, basi hakuna ubaya. Mihayo hakujua kama aliyaamini maneno hayo. Aliyafuata tu, kama mtu anavyofuata kunawa mikono.

Kilichomchosha Mihayo kilikuwa kumlinda dada yake.

Rebeka alikuwa mkubwa wake, mjane asiye na mtoto, na kwa miaka mingi alipikia wachimbaji wadogo kule upande wa Bulyanhulu. Wote walimwita mayu, yaani mama. Moshi wa mabua na wa kinyesi cha ng'ombe ulimwachia macho mekundu, kama ulivyowaachia wanawake wengi wa Usukumani, lakini mtu akishakosa bahati, hata macho yake hugeuka ushahidi wa uchawi. Masika ya mwaka jana, asubuhi, alimshika mkono kijana mmoja mchimbaji aitwaye Pantaleo. Akamwambia: leo usishuke. Pantaleo akacheka, akamaliza uji wake, akashuka. Mchana haujafika, duara, yaani shimo la dhahabu, likatitia. Wenzake waliopolewa, wengine wazima na wengine maiti. Pantaleo hakupatikana mpaka leo.

Watu wakauliza swali moja tu. Yule mama alijuaje?

Swali hilo limewaua wanawake wengi huku kwetu. Mihayo alimfuata dada yake kwa pikipiki siku ileile, akamleta kwake kabla mapanga hayajanolewa. Tangu hapo alilala akiwa ameegemea mlango wa dada yake, upinde mapajani, akishtuka kila mbwa alipobweka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na fununu zilishafika mpaka gulioni kwao. Hofu yake duniani ilikuwa moja: kwamba siku moja usingizi utamzidi, na akiamka atamkuta Rebeka amekatwakatwa. Usingizi wenyewe ukawa adui, na adui huyo humwezi kwa mshale.

Basi jioni hiyo alifika nyumbani akiwa na wazo la kula na kujiegemeza. Akakuta mtu amekaa penye makaa yake.

"Pole na safari, baba," yule mtu alisema.

Hakutoa shikamoo. Mihayo aliliona hilo, akaliacha. Alikuwa kijana, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, koti zito limelowa. Lilikuwa likidondosha maji. Tone... tone... Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi.

"Umelowea wapi?"

"Kazini."

Mihayo akadhani anatoka mwaloni, wanakoosha mchanga wa dhahabu, kwa hiyo halikumshangaza sana. Kilichomsumbua ni harufu. Ilikuwa harufu ya udongo, lakini siyo ule udongo mtamu wa mvua ya kwanza. Huu ulikuwa udongo wa chini kabisa, ambao haujawahi kuota jua.

"Nimefunga kazi, kijana. Njoo kesho."

"Ni ufito mmoja tu."

Akautoa ndani ya koti. Mihayo aliupokea, na mkono ukashuka kwa uzito. Haukuwa mkole. Ulikuwa mweusi, wa baridi, umechanwa kutoka kwenye gogo kubwa, na upande mmoja ulikuwa na alama ya msumari. Mtu yeyote wa machimbo angeujua ule mti. Ni mti wa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara zisianguke.

"Huu hautengenezi mshale."

"Utatengeneza."

"Umeutoa wapi?"

"Nimechoka, baba," kijana alinong'ona. "Ninyooshee nikapumzike."

Na hapo ndipo Mihayo aliposhindwa. Angetishwa, angegoma, angebembelezwa, angegoma vilevile. Lakini neno lile lilimwingia. Alijua uchovu ni nini. Akaketi kwenye kigoda, akapuliza makaa, akachovya kidole kwenye mafuta. Kama ni mmoja tu, aumalize, mgeni aende zake.

Ufito ulikuwa mkaidi. Aliupasha, akaubana kwa meno, akavuta. Ukanyooka. Alipouinua autazame, ukajipinda tena polepole, kama nyoka anayejigeuza usingizini. Akaupasha tena. Ukakubali, ukakataa. Mdomo wake ulijaa ladha ya matope. Huku nyuma giza lilikuwa linashuka, na kila alipofumba jicho moja hakuona ncha ya ufito wala kichuguu, maana kijana alikuwa amehama. Sasa alikaa katikati, kati ya kigoda na kichuguu, ameinamisha kichwa.

"Sogea kidogo nione."

"Niache nikae. Kule kuna mwanga."

Alinyoosha kidole.

Upande wa pili wa ua, mlango wa jiko ulikuwa wazi. Moto wa Rebeka ulikuwa unawaka vizuri, mwekundu, na mwanga wake ulitoka mpaka uani. Fundi yeyote akiuona mwanga wa namna ile nyuma ya ufito, mkono wenyewe humwenda. Mihayo hakufikiri. Tumsamehe au tusimsamehe, ndivyo ilivyokuwa: hakufikiri. Macho yalimuuma, mgongo ulimuuma, na alitaka kazi iishe. Aligeuka kwenye kigoda chake, ufito ukiwa bado moto, akauelekeza mlangoni mwa jiko. Akafumba jicho.

Ukanyooka.

Papo hapo. Bila kuvutwa.

Ulikaa kimya mikononi mwake, umenyooka kuliko ufito wowote aliopata kuushika. Kijana akauchukua kwa mikono miwili. Vidole vyake viligusa vya Mihayo, na vilikuwa baridi na laini, kama ngozi iliyokaa majini.

"Asante, baba."

Akaondoka. Mihayo alisikia maji yakidondoka yakienda mbali. Tone... tone... Nyayo hakuzisikia.

"Mihayo!" Rebeka aliita kutoka jikoni. "Ugali tayari. Mbona mgeni umemwacha aende bila kula? Siku hizi ndiyo adabu yenu?"

Alijikokota mpaka kwenye mlango wa jiko. Dada yake alikuwa ameinama juu ya mafiga, mwiko mkononi, jasho linamtoka puani.

"Ni mteja tu, dada. Ana haraka."

"Mteja wa wapi?"

"Sijamuuliza."

Rebeka aliacha kusonga. Akainua kichwa, anasikiliza kitu ambacho Mihayo hakukisikia.

"Sauti ile," alisema polepole. "Ng'wanawane, mdogo wangu, sauti ile ni ya Pantaleo."

Mihayo alitaka kucheka. Badala yake aligeuza shingo, akatazama alikotoka. Aliona kigoda chake uani, na makaa yakififia. Toka pale mpaka hapa mlangoni hapakuwa na kitu katikati, si mti, si kuku. Na mbele kabisa ya mstari ule, pale pale ambapo jicho lake lilikuwa limetua, alikuwa amesimama dada yake na mwiko.

Akashika mwimo wa mlango.

Mwaka mzima alikuwa amelinda mlango wa dada yake. Mwaka mzima! Na leo, kwa mikono yake mwenyewe, kwa meno yake mwenyewe, ameufundisha mshale njia ya kumfikia.

"Funga mlango," alisema.

"Kuna nini?"

"Dada, funga mlango! Usimfungulie mtu mpaka usikie mimi."

Akakimbia. Miguu ambayo jioni ile ilikuwa inakataa kwenda buchani sasa ilikimbia yenyewe katikati ya shamba la pamba, matawi yakimchapa mapajani. Aliifuata harufu. Hakuhitaji tochi. Ile harufu ya udongo wa chini ilikuwa imelala hewani kama kamba, na yeye aliishika akaenda nayo, mpaka kwenye karasha bovu, mashine ya kusagia mawe, lililoachwa na watu wa dhahabu, penye lundo la mchanga uliokwisha kuoshwa.

Kijana alikuwa amesimama pale. Hakuwa akienda popote. Ilionekana alikuwa anamngoja.

"Nirudishie ufito," Mihayo alisema, akihema. "Haujakaa sawa. Kuna kona mkiani."

"Umenyooka."

"Mimi ndiye fundi."

"Na mimi nimekaa gizani siku nyingi, baba. Naona."

Hewa ilikuwa imetulia mno. Hata nyenje walikuwa wamenyamaza. Mihayo alijaribu kumtazama usoni, na chini ya ile kofia hakuona uso vizuri, aliona tu matope na kitu kinachong'aa ndani ya matope.

"Yule ni dada yangu, Pantaleo. Hakukuua."

Kijana hakukana jina.

"Mayu alijua," alinong'ona.

"Alikuambia usishuke! Alikushika mkono!"

"Alijua."

"Kujua siyo kuua."

"Nani alimwambia?"

Kwa mwaka mzima Mihayo alikuwa amewajibu watu wa gulioni kwa ngumi na matusi, na hakuwahi kumuuliza dada yake swali lile. Alimpenda. Aliogopa kuuliza.

"Uvunje," alisema mwisho. "Uchome. Nitakunyooshea mwingine, ukitazama kichuguu."

"Kichuguu hakinipumzishi." Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulala, wala haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mihayo kuliko yote. "Umeshafundishwa kutafuta mtu. Lazima upate mtu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mihayo alisimama katika giza lile changa, akatazama nyuma. Mbali, nyumbani kwake, mwanga mwekundu ulikuwa bado unaonekana. Rebeka hakuwa amefunga mlango. Bila shaka alikuwa amesimama hapo akimngoja, mbishi kama alivyokuwa tangu utotoni.

"Basi nipe niutazame," Mihayo alisema. "Mara ya mwisho. Fundi ana haki ya kuitazama kazi yake kabla haijaondoka. Hata wewe unalijua hilo."

Tone... tone...

Kijana akanyoosha mkono wenye ufito.

Ufito ulikuwa bado una joto, ingawa makaa yalikuwa mbali. Mihayo alijaribu kwanza kuuvunja gotini, tusimwongezee ushujaa asiokuwa nao. Haukuvunjika. Ulikuwa kama nondo. Akahisi machozi yakimtoka, na hayakuwa ya woga peke yake, yalikuwa ya mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake na kukuta bado kuna kazi.

Kisha akaugeuza.

Ilikuwa ni hivyo tu. Siku zote fundi huweka jicho lake nyuma, kwenye mkia, na ncha huangalia mbele. Mihayo aliugeuza, mkia ukaelekea kule kwenye mwanga wa jiko, na ncha akaielekeza kwenye jicho lake mwenyewe. Akaipulizia pumzi ya moto kutoka kifuani. Akaubana kwa meno katikati, akauvuta kidogo, kidogo sana, kama anaondoa kona ambayo haikuwepo. Udongo ukamjaa mdomoni. Akafumba jicho moja, na lile la pili akaliacha wazi, ncha ikiwa karibu kuligusa.

"Jifunze," aliuambia. "Ni mimi."

Akauona ukitulia.

Kijana alitoa pumzi ndefu, kama mchimbaji anayetua kiroba. "Wewe mwenyewe umetaka, baba."

"Mimi mwenyewe."

Mihayo alipopepesa, mbele yake palikuwa na lundo la mchanga tu, na juu yake alama ya maji iliyokuwa inakauka. Mikono yake ilikuwa mitupu. Nyenje wakaanza tena kulia, wote kwa pamoja.

Alirudi nyumbani akitembea. Rebeka alikuwa mlangoni kweli, mikono kiunoni.

"Ugali umekuwa jiwe. Ulikwenda wapi?"

"Kumfuata mteja. Alisahau kopo."

"Alikuwa yeye?"

"Hapana, dada. Ni mtu wa Buseresere. Sauti zinafanana."

Rebeka alishusha pumzi, akamnawisha mikono, akamwekea mlenda. Mihayo alimega tonge akakaa nalo. Moto ulikuwa unalia taratibu. Kwa vile sasa ameshalipia, aliona ana haki ya kuuliza.

"Dada. Siku ile ya duara. Nani alikuambia litatitia?"

Rebeka hakugeuka. Alichukua kijiti, akachokoachokoa majivu.

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Na hakusema zaidi, jioni ile wala nyingine yoyote.

Tangu hapo Mihayo hulala. Hulala fofofo, mbwa wabweke wasibweke, kitandani kwake, na upinde ameutundika ukutani. Majirani husema amenenepa. Fununu za gulioni nazo zimepoa, maana watu wana mashimo mapya ya kuzungumzia, na Rebeka ameanza hata kwenda kusali jumuiya na kurudi anacheka. Mihayo akimsikia akicheka hufurahi, hufurahi kweli, na moyo humuuma papo hapo.

Maana kuna nukta.

Aliiona mara ya kwanza asubuhi iliyofuata, katikati ya jicho lake la kulia, jicho la kazi. Ndogo, nyeusi, kama chembe ya masizi. Alijisugua, haikutoka. Alinawa, haikutoka. Daktari wa zahanati alimmulika kwa kitochi, akamwambia ni mtoto wa jicho, mzee wangu, ni umri na huo moshi wenu, ngoja madaktari wa macho waje kijijini watakufanyia. Huenda ni kweli. Mihayo alimshukuru, akaondoka.

Lakini yeye amenyoosha fito tangu ujana wake. Mshale unaopita pembeni yako utauona urefu wake, utaona manyoya, utapata hata nafasi ya kuukwepa. Mshale ulionyooka sawasawa, unaokuja kwako hasa, huoni urefu wowote. Unaona nukta. Imekaa pale pale, haiendi kushoto wala kulia. Inakua tu.

Inakua polepole. Haina haraka, kama aliyeituma. Wakati wa mavuno ya pamba ilikuwa sawa na punje ya mtama. Sasa ni kubwa kuliko punje ya hindi, na jua likiwa kali, Mihayo huona ina ukingo, na ukingo una nyuzi za mti uliochanwa.

Jioni Rebeka huwasha moto wake, naye Mihayo huketi mlangoni kumsindikiza kwa maneno. Dada yake humtania kwamba amekuwa kama kuku, mbona anamtazama kwa upande. Mihayo husingizia moshi. Hawezi kumwambia kwamba akimtazama sawasawa kwa jicho lile, pale panapopaswa kuwa na uso wake, haoni kitu.